Kilo 2.2 kwenye kadi ya zamani: kisa cha mama wa Igombe, mimba zake mbili na sukari ya binti yake

Mwezi Agosti 2024, mama mmoja wa miaka 34, mchuuzi wa dagaa anayeishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria katika wilaya ya Ilemela, Mwanza, alifika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya wiki 24. Alifuatana na binti yake wa miaka 14, ambaye siku hiyo hakuja kutibiwa. Alikuja kumshikia mama yake mkoba na kusubiri kwenye benchi. Muuguzi mkunga alimleta mama kwangu, kwa kuwa mimi ndiye afisa lishe, akiwa amekwisha kuandika kwenye kadi kilo 84 na urefu wa sentimita 158. Tulikuwa tumeanza kuzungumza habari za chai na chapati pale binti alipoinama kuokota simu iliyodondoka, nami nikaiona shingo yake kwa nyuma: ngozi ilikuwa nyeusi kuliko mwili wote, nene kidogo, yenye mikunjo laini kama mahameli. Mama alipoona ninatazama, aliwahi kujitetea. Alisema mtoto anaoga, na kwamba yeye mwenyewe humsugua shingo kwa dodoki kila Jumamosi, ila weusi ule hautoki.

Hautoki kwa sababu si uchafu. Weusi wa namna hiyo, hasa kwa kijana mwenye uzito mkubwa, mara nyingi ni dalili kwamba insulini imezidi katika damu, kwa kuwa seli za mwili zimeacha kuiitikia inavyopasa na kongosho linalazimika kuitoa kwa wingi zaidi ili kupata matokeo yaleyale. Tuliwapima wote wawili. Mama, aliyenyweshwa gramu 75 za glukosi katika wiki ya 26, alikuwa na sukari ya milimoli 5.4 kwa lita ya damu kabla ya kula na 9.0 baada ya saa mbili; kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, mjamzito anayefikia 5.1 kabla ya kula, au 8.5 baada ya saa mbili, anahesabiwa kuwa na kisukari cha mimba, na yeye alipita pote pawili. Binti alikuwa na 6.3 kabla ya kula, na kipimo kilichorudiwa siku nyingine kikatoa 6.2. Kiwango hicho bado si kisukari, ambacho huanza kuhesabiwa kwenye 7.0, lakini si sukari ya mtoto wa miaka 14 aliye salama. Alikuwa na kilo 71 kwa urefu wa sentimita 155, na shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo kwa umri wake.

Yote haya yangeweza kuishia kwenye faili mbili tofauti, moja ya wajawazito na nyingine ya watoto, kama si swali la mama. Muuguzi, alipokuwa akimwuliza historia ya uzazi, alisikia kwamba binti huyu alizaliwa na kilo 2.2, akasema kwa kupita tu kwamba watoto wanaozaliwa wadogo ndio wanaopata sukari ukubwani. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza mimi, si muuguzi: "Kwa hiyo, daktari, ni mimi niliyemharibu akiwa tumboni?" Mimi si daktari, na sikumsahihisha. Kauli ya muuguzi ina msingi katika utafiti wa zaidi ya miaka 30, lakini ilipotamkwa mbele ya mama na mtoto bila maelezo ikageuka kuwa hukumu, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni jitihada ya kulijibu swali lile kwa haki. Wote wawili wameridhia kisa kiandikwe, na mambo yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadili.

Ujauzito wa kwanza ulianza mwishoni mwa mwaka 2009, mama akiwa na miaka 19, katika kambi ya wavuvi kisiwani Ukerewe. Mume wake alikuwa akivua dagaa kwa karabai. Mimba ilipofika mwezi wa tatu, nyavu na injini viliibwa ziwani usiku, na kaya ikawa inaishi kwa vibarua vya kuanika dagaa wa watu wengine. Nilimwomba anieleze alichokula katika siku moja ya kawaida ya miezi ile, akanieleza bila kusita kama mtu anayesoma: chai ya rangi asubuhi bila kitafunwa, ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa, mchana kwa mlenda, na jioni ugali uleule. Dagaa aliowaanika hakuwala, kwa sababu walihesabiwa kwa kopo. Wasomaji wa pwani na bara huenda wasijue kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati taa inapoweza kuwavuta. Mwezi unapokuwa mkali mitumbwi hulala, nyavu huanikwa, na kambi nzima hukosa fedha pamoja na kitoweo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo lishe ya mimba ile ilifuata mwandamo wa mwezi, na katika siku za mbalamwezi hata mlenda uliliwa bila chumvi.

Juu ya ufukara huo kulikuwa na makatazo. Mama mkwe alimzuia kula mayai ili mtoto asizaliwe na kipara, na tangu mwezi wa saba akamwamuru apunguze chakula, mtoto asije akawa mkubwa na kumsababishia upasuaji. Agizo hili la pili ninalisikia mara nyingi, nami siwezi kulicheka, kwa kuwa mwanamke aliyeko kisiwani, ambaye akihitaji upasuaji sharti avuke maji usiku, ana sababu halisi ya kuogopa mtoto mkubwa. Aidha, mama alikuwa akitafuna udongo wa pemba kila siku, na vidonge vya kuongeza damu alivitupa kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Udongo huo hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe vizuri. Katika mwezi wa tano aliugua malaria, akatibiwa dukani.

Kadi ya mtoto alikuwa nayo bado, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Wino umefifia, lakini nukta za uzito zinaonekana. Ya kwanza iko kwenye kilo 2.2, mimba ikiwa imekadiriwa wiki 38, na kwa miaka miwili nukta zinapanda taratibu karibu na mstari wa chini kabisa. Halafu zinaruka. Alipotimiza miaka miwili mtoto alipelekwa mjini Mwanza kulelewa na mama yake mdogo, anayeuza chipsi na soda Mabatini, na kati ya mwaka wa pili na wa nne mstari wake unakatiza kanda mbili za chati kwenda juu. Muuguzi wa wakati ule aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja, "Vizuri!", nami nadhani ningeandika vivyo hivyo.

Hapa ndipo kisa kinapokutana na utafiti. Katika miaka ya 1980 na 1990, David Barker na wenzake wa Southampton, Uingereza, walifukua madaftari ya wakunga wa Hertfordshire na kuwatafuta watu wazima waliozaliwa na uzito ulioandikwa humo. Walikuta kwamba waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo, na mwaka 1991 Nicholas Hales na Barker walionyesha kwamba wanaume wa takribani miaka 64 waliozaliwa na uzito mdogo ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya sukari. Maelezo waliyoyatoa mwaka uliofuata ni kwamba mtoto anayekosa chakula tumboni hujibana: huulinda ubongo kwanza, huku kongosho, figo na misuli vikipata kilichobaki. Seli za kongosho zinazotoa insulini huwa chache, vichujio vya figo, ambavyo idadi yake hufungwa karibu na wiki ya 36 ya mimba, havitaongezeka tena maishani, na mwili wote huwekwa katika hali ya kubana matumizi, kama kaya iliyozoea kuishi kwa kibaba. Hali hiyo humfaa mtu iwapo maisha ya baadaye yatakuwa ya kibaba pia.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, chini ya ukaliaji wa Wajerumani, mgao wa chakula katika miji ya magharibi ulishuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku, kisha ukombozi ulipofika chakula kikarudi kwa kasi. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa hiyo walipopimwa wakiwa na miaka kama 50, miili yao ilishindwa kuitawala sukari kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla au waliotungwa baada yake. Lililo muhimu kwa kisa chetu ni kwamba waliokumbwa na njaa miezi ya mwanzo tu mara nyingi walizaliwa na uzito wa kawaida, na bado walikuwa na ugonjwa wa moyo zaidi ukubwani. Na mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba watu waliotungwa wakati wa njaa walikuwa na alama tofauti za kikemikali juu ya kinasaba kimoja cha ukuaji, miaka 60 baadaye. Kilo 2.2 kwenye kadi, basi, ni alama ya nje tu, na mtoto wa kilo tatu aweza kuwa amebeba historia ileile bila mtu kuiona kwenye mizani.

Sasa ushahidi huo ulinganishwe na ule wa Leningrad, Urusi. Mji ule ulizingirwa kuanzia mwaka 1941 hadi 1944, watu wakafa kwa njaa kwa wingi wa kutisha, lakini waliokuwa tumboni wakati huo walipopimwa ukubwani hawakuonekana kuwa na tatizo la sukari kuliko wenzao. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba huko shibe haikurudi ghafla. Watoto walizaliwa katika uhaba na wakakulia katika uhaba. Na uchunguzi wa watu waliozaliwa Helsinki, Ufini, kati ya mwaka 1934 na 1944 umeonyesha njia ya hatari zaidi kwa moyo na kwa sukari: kuzaliwa mdogo, kuwa mwembamba hadi miaka miwili, kisha kunenepa haraka. Niliposhika ile kadi yenye neno "Vizuri!" nilikuwa kama ninaitazama chati ya Helsinki iliyochorwa kwa mkono Ukerewe na kumaliziwa Mabatini.

Hata hivyo sina ruhusa ya kumwambia mama kwamba nimepata chanzo. Takwimu za makundi ya watu haziwezi kuhukumu mtu mmoja. Malaria ya mwezi wa tano peke yake yaweza kumpunguza mtoto uzito, kwa kuwa vimelea hujazana katika kondo la nyuma na kuzuia chakula kupita hata kama mama anakula. Umri wa mimba ulikadiriwa kwa kuhesabu miezi, bila picha ya mawimbi, na huenda mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Kaka wa mama huyu ana kisukari, na inajulikana kwamba baadhi ya vinasaba vinavyopunguza kazi ya insulini humfanya mtoto azaliwe mdogo na pia humwelekeza kwenye kisukari, hivyo uzito mdogo na sukari vyaweza kuwa ndugu wa baba mmoja bila kuwa mzazi na mtoto. Zaidi ya hayo, binti ameishi miaka kumi na miwili jirani na karai la chipsi. Maoni yangu, nikilazimishwa kuyapima, ni kwamba njaa ya mimba ilimpunguzia binti akiba ya kuvumilia, na maisha ya mjini yakaitumia akiba hiyo mapema. Lakini kiasi gani ni cha tumboni na kiasi gani ni cha karai, hakuna kipimo kinachoweza kunigawia.

Swali la lawama lilikuwa na upande wa pili ambao mama hakuutazamia. Mimba aliyokuwa nayo wakati huo ilimweka mtoto wa pili kwenye hatari ileile kwa mlango wa mbele. Sukari ya mama hupita kwenye kondo bila kizuizi, lakini insulini yake haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na kwa kuwa insulini ni homoni ya ukuaji pia, hunenepa kabla hajazaliwa. Kwamba jambo hili si urithi wa damu tu limeonyeshwa vyema na watu wa kabila la Pima wa Arizona, Marekani: walipolinganishwa watoto wa mama na baba mmoja, waliozaliwa baada ya mama kupata kisukari walikuwa na kisukari na unene zaidi kuliko ndugu zao waliozaliwa kabla. Katika familia yetu ya Igombe ndugu hawa wawili wangeweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili, mmoja kwa kukosa na mwingine kwa kuzidishiwa, na kati yao imepita miaka 14 tu na safari moja ya meli.

Ni hapo nilipoona kasoro ya kazi yetu wenyewe. Ushauri aliopewa Ukerewe mwaka 2010 na ule uliobandikwa ukutani kwetu mwaka 2024 ulikuwa mmoja: mjamzito ale chakula cha kutosha na aongeze mlo. Mjamzito wa mwaka 2010 hakuwa na cha kuongeza. Yule wa mwaka 2024 hakuhitaji kuongezewa, alihitaji kubadilishiwa. Tulipopima pamoja, mama alitia vijiko vitano vya sukari katika kikombe, mara tatu kwa siku, na mchana alikunywa soda moja sokoni Mwaloni. Hiyo ni zaidi ya gramu 90 za sukari kabla ya kuhesabu chapati, ilhali kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Mboga alikula mara mbili kwa wiki. Dagaa, ambao huliwa wazima na mifupa yao na hivyo kumpa mjamzito protini, kalsiamu na vitamini B12 kwa bei ambayo hakuna nyama inayoifikia, aliwauza kwa magunia na kuwala kwa nadra, akiamini ni kitoweo cha dhiki, na ninamwelewa alikoipata imani hiyo.

Hatukumwondolea ugali. Tulikubaliana bonge lipungue hadi ukubwa wa ngumi yake, unga uwe wa dona, mboga iwe nusu ya sahani, na dagaa wawepo kila siku. Sukari ya chai ilishuka kijiko kimoja kila wiki hadi kikabaki kimoja. Soda aliiacha siku ileile, kwa hasira, nadhani. Kwa kuwa mbalamwezi ingepandisha bei, alianza kutenga makopo mawili ya dagaa wakavu kabla ya kufungua biashara, ambayo hayauzwi kwa bei yoyote. Alitembea nusu saa kila jioni baada ya kula. Mama mkwe, ambaye sasa anaishi naye, nilimwomba aje, na nilimkuta ana akili kuliko nilivyotazamia. Aliniuliza kama mayai yamebadilika au watoto ndio waliobadilika, kisha akakubali mjukuu ale la kwake nyumbani na mama yake ale la kwake, ila yeye asilazimishwe kuyapika.

Sukari kabla ya kula ilishuka chini ya 5.3 ndani ya wiki tatu na ikabaki huko isipokuwa mara mbili, hivyo hakuhitaji insulini. Sikumwahidi kwamba hili litamkinga mtoto kwa maisha yote. Katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2005, likihusisha wanawake 1,000, matibabu ya kisukari cha mimba yalipunguza watoto wakubwa kupita kiasi kutoka asilimia 21 hadi 10, lakini baadhi ya watoto hao walipopimwa wakiwa na miaka minne hadi mitano, waliotibiwa mama zao hawakuwa wembamba kuliko wenzao. Uzazi salama ni faida ya hakika. Mengine yanategemea sahani ya mtoto mwenyewe.

Kuhusu lile swali, nilimjibu mama baada ya wiki mbili, binti akiwepo, kwa kuwa niliona naye analisubiri. Nilimwambia kwamba chakula cha mimba ile huenda kimechangia, na kwamba chakula kile hakikuwa uamuzi wake: nyavu ziliibwa na mwizi, mayai yalikatazwa na mkwe, malaria ililetwa na mbu, na yeye alikuwa na miaka 19. Alijibu kwamba hata mama yake alimzaa kambini katika njaa, ila hakuna aliyempima. Jambo hilo sikuwa nimelifikiria, na nimeliandika kwenye faili lake, kwa sababu wanawake waliozaliwa wadogo hupata kisukari cha mimba zaidi, na huenda hadithi hii inaanza kizazi kimoja nyuma ya pale nilipoianzisha. Kwa sababu hiyohiyo binti hayumo kwenye faili la watoto peke yake. Sukari yake inafuatiliwa kila baada ya miezi mitatu ili siku atakapobeba mimba, kama atabeba, aingie akiwa tayari anajulikana.

Mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa mwezi Desemba katika wiki ya 39 kwa njia ya kawaida, akiwa na kilo 3.3. Alinyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza, na sukari yake ya saa mbili ilikuwa 2.9, juu ya kiwango cha 2.6 tunachokihofia. Mama alipimwa tena baada ya wiki sita, glukosi ileile ya gramu 75, na majibu yakarudi katika hali ya kawaida. Ameelezwa kwamba hatari yake ya kupata kisukari huko mbele ni mara saba au zaidi ya mwanamke ambaye hakupitia haya, na atapimwa kila mwaka. Binti, aliyeacha chai ya sukari kwa kumwiga mama yake kabla hatujamshauri, ameshuka hadi kilo 68 huku akirefuka sentimita mbili, na sukari yake ni 5.8. Shingo bado ni nyeusi, ingawa mikunjo imelainika. Nilipouliza kuhusu dodoki, mama alisema siku hizi linasugua masufuria.